Glovu ya Mama Mkwe

Sie wa kiwanda cha barafu, huku Temeke, kile kidude cha kunusa gesi tulikiita mama mkwe. Kilikaa ukutani juu ya mashine, kinapima hewa muda wote, na namba zake zinaonekana papo hapo kwenye skrini ya ofisini. Gesi ya kupozea ikivuja kidogo tu, king'ora kinalia na mashine inajizima yenyewe. Kitu kizuri. Sina ugomvi nacho.

Shida ilikuwa usafi. Kila asubuhi tulisugua sakafu kwa dawa kali, na harufu yake ikimfikia mama mkwe, makelele! Mashine inazima, barafu inalegea, wauza samaki wanatutukana getini. Msimamizi akachoka. "Mfunikeni huyo mama mkwe wenu. Mkimaliza, mfunueni." Fundi aliyekifunga akapigiwa simu aje akirekebishe. "Wiki ijayo, braza." Mpaka leo ni wiki ijayo.

Mie ndiye mrefu, nikapewa kazi ya kumvisha glovu ya mpira, ya njano, vidole vitano vinaning'inia. Mwenzangu tuliyekuwa tunasugua naye alikuwa akikipungia mkono.

"Shikamoo mama! Mkweo nimekuja, usigombe!"

Tunacheka. Tukimaliza, naivua.

Siku ile sikuivua. Lori la samaki lilifika mapema, nikaitwa kupakia barafu, nikaenda mbio. Mwenzangu akabaki ndani kukausha maji. Bomba la gesi likaachia. Hakuna kilicholia. Nilisikia kikohozi tu, nikaingia, nikamburuta kwa miguu hadi mlangoni. Hospitali hakufika. Mie nikabaki na kifua hiki kinachopiga filimbi na jicho linalotoka machozi hata nikiwa nacheka.

Msimamizi alinifuata wodini. Glovu alikuwa ameshaitoa kabla wakaguzi hawajafika. "Hakukuwa na glovu. Tumeelewana?" Nikaitikia kwa kichwa. Sauti sikuwa nayo, lakini kichwa nilikuwa nacho.

Wahusika nawataja kila nikikaa kijiweni. Msimamizi. Fundi wa wiki ijayo. Karani wa ofisini, aliyeona namba zimeganda kwenye sifuri asubuhi nzima wala asijiulize. Tajiri, aliyesimama msibani akasema kidude kilikuwa kibovu. Orodha yangu huishia hapo, nakunywa maji.

Mjane wa mwenzangu anauza uji hapa mtaani kwetu. Kila asubuhi ananitilia tangawizi nyingi, kwa ajili ya kifua. "Kunywa, shemeji. Wewe ndiye uliyemtoa." Nami nilikuwa naumeza ukiwa wa moto, niondoke haraka.

Juzi akaniambia anataka kwenda kushtaki waliotengeneza kidude kile. "Si kilikuwa kibovu? Utanisaidia ushahidi, shemeji."

"Hakikuwa kibovu," nikasema. "Kilivishwa glovu."

"Nani alikivisha?"

"Mie. Na nikasahau kuivua."

Mwiko ukasimama sufuriani. Wateja wawili walikuwa kwenye benchi, wakainamia vikombe vyao. Nikaanza kumtaja msimamizi, nikamtaja na fundi, akaniinulia kiganja.

"Hao nimeshawasikia."

Akanimiminia uji kama kawaida, na tangawizi yake. Ila kikombe hakunipa mkononi, alikiweka chini, karibu na mguu wangu. Nikainama nikakichukua. Nilipomuuliza kama bado tutakwenda huko kwenye ushahidi, alijibu bila kunitazama.

"Tutakwenda. Utayasema hayo hayo."

Shemeji hakuniita.