Springi ya Gramafoni ya Ogwedhi

Mjomba aliyenifundisha kutengeneza gramafoni ana jicho moja. La pili lilitolewa na springi, katika karakana yake kule Homa Bay, mimi nikiwa nimesimama hatua tatu tu kutoka kwake. Sikuiona ikiruka. Nilisikia mlio kama wa bati likichanika, nikageuka nikamkuta ameketi sakafuni, kiganja usoni, akiniambia kwa sauti ya kawaida kabisa nimtafutie kitambaa.

Nilipofungua duka langu Magunga, nikawa natengeneza redio, cherehani, na gramafoni chache zilizobaki majumbani mwa wazee. Sindano nilibadilisha, hendeli nilibadilisha, raba zilizokauka nilibadilisha. Springi nilikataa. Niliwaambia wateja kwamba siku hizi hazipatikani.

Asubuhi moja akaja mjane mmoja kutoka Ogwedhi. Nilikuwa nimeshampa jibu hilohilo kwa simu. Safari hii alishuka kwenye pikipiki na mizigo miwili iliyofungwa kwa kamba ya katani.

"Ulisema springi hazipatikani," akasema. "Basi nimekuja na yangu. Hii moja ni ya mume wangu, springi imekatika. Hii nyingine ni ya dada yangu aliyeolewa Sori. Imekufa, kuku walikuwa wanataga ndani. Toa ya Sori uweke kwa yangu."

Nilitafuta uongo mwingine, sikuupata. Akaketi kwenye benchi.

Springi ya gramafoni ni utepe wa chuma, mrefu kumzidi mtu, uliokunjwa ndani ya mkebe mdogo unaojaa kiganjani. Ile iliyokatika ilitoka bila shida. Ya Sori niliitoa mkebe ukiwa ndani ya gunia isije ikanirukia, duru moja baada ya nyingine, uso nimeugeuzia ukutani. Ilipotoka yote nilikuwa nimelowa jasho mgongo mzima. Nikaisafisha kwa mafuta ya taa, nikaipaka grisi, nikaingiza tundu la ncha yake kwenye kishikizo cha mkebe wa mume wake. Nikaanza kuikunja upya kwa vidole gumba.

Zilibaki duru tatu nilipohisi grisi imefika viganjani. Kidole gumba cha kushoto kikateleza. Ukingo wa chuma ukanichana, nikaibana tena kabla haijatoka. Sasa sikuweza kuendelea, wala sikuweza kuiachilia. Damu ilikuwa inachanganyika na grisi, na kila nilipovuta pumzi nilihisi kile kitu kinasukuma.

"Nyathina, mwanangu, mbona umeacha?" akauliza.

"Mama, tafadhali toka nje. Ikiponyoka itakukata."

"Na wewe?"

Nilifumba macho, maana kama ingekuja nilitaka ikute kope kwanza.

Nilimsikia akiinuka. Sikusikia mlango. Alikuja upande wangu wa meza, pumzi yake karibu na sikio langu.

"Ukiiachilia?"

"Siwezi kuiachilia."

"Basi shikilia."

Akachukua ile kamba ya katani iliyofunga mizigo. Akaipitisha juu ya mkebe, chini, juu tena, katikati ya vidole vyangu, akaikaza kwa goti lake dhidi ya mguu wa meza.

"Tangu niolewe nakamua ng'ombe wa mateke, nawafunga hivi hivi," akasema. "Toa mkono mmoja. Pole pole."

Nilikataa. Akarudia mara ya pili, kwa ukali, kama mama anavyomwamrisha mtoto. Nikatoa mkono wa kushoto. Kamba ikalia, ikashika. Nilijifuta damu na grisi kwa gauni langu, nikachukua mpini wa nyundo, nikazisukuma duru zile tatu ndani, moja, halafu nyingine, yeye akilegeza kamba kidogo kidogo. Kifuniko kilipoingia mahali pake niliketi sakafuni.

Kuirudisha kwenye mashine ilinichukua hadi saa saba. Nilizungusha hendeli nikiwa nimesimama mbali, mkono umenyooka. Santuri ikaanza kuzunguka. Sindano aliiteremsha yule mama mwenyewe. Nyatiti, kinubi cha Kijaluo, ikatoka kwa mikwaruzo, kisha sauti ya mwanamume. Yule mama akaimba naye, kwa sauti ya chini, hadi mwisho.

"Mimi pia nilikuwa naogopa," akasema.

"Springi?"

"Hapana. Niliogopa nimesahau maneno."

Alipoondoka nilifunga duka mchana ule, nikaketi nyuma ya pipa la maji, nikatapika.

Sasa springi nazitengeneza. Mteja namwomba angoje nje, nafunga kila mkebe kwa kamba kabla sijaugusa. Watu husema woga huisha ukishazoea kazi. Wangu haujaisha. Kila mara kabla ya kufungua kifuniko naenda chooni kwanza, narudi, ndipo naanza.