Goti la Mama

Namsugua mama goti kwa mafuta ya karafuu, na harufu yake imejaa chumba kizima. Kila jioni ni hivi: mimi nimerudi kazini hoi, yeye ameshinda kitini. Kwenye runinga kuna mashindano ya dunia ya kuteleza juu ya barafu, na mabingwa wa zamani wanaitwa mmoja mmoja wasimame washangiliwe. Mmoja wao, mwanamke mwenye mvi, anashika chuma kilicho mbele yake kwanza, ndipo anapoinuka.

"Huyo naye ni goti," mama asema.

"Lako lauma?"

"Aa, sugua tu, mwanangu."

Utotoni niliyatazama mashindano hayo hayo, kisha nikaipaka sakafu yetu ya saruji mafuta ya nazi, nikavaa soksi, nikawa nateleza toka mlangoni hadi kitandani. Mama akaingia na kikapu cha sokoni Marikiti mkononi, baada ya kusimama kutwa akiuza leso Biashara Street. Aliteleza, akaangukia goti, na nyanya zikatawanyika hadi uvunguni.

Midomo ikaanza kunitetemeka. Mama akanitazama. Akainuka polepole huku ameshika ukuta, akanyoosha mikono juu, akazunguka mara moja na buibui lake, kisha akainama kama wale wa kwenye runinga. Nikacheka, nikapiga makofi.

"Tena, mama!" nikamwambia. "Tena!"

Akazunguka tena.