Siku Nilipompigia Baba Kalangu

Juzi nilinunua viatu vya ngozi katika soko la Kibuye. Muuzaji alivitoa kwenye karatasi, harufu ya ngozi ya mbuzi ikanipanda puani, na moyo ukaanza kunienda mbio palepale, mimi mtu mzima na mkoba wangu begani. Ngojeni niwaeleze kwa nini.

Baba alikuwa mwanajeshi. Alipotoka kulinda amani Sierra Leone alirudi kwetu Seme na ngoma aliyopewa na mwenzake, Mhausa wa Kano. Aliiita kalangu. Ilikuwa nyembamba kiunoni, nene juu na chini, imezungushiwa kamba za ngozi ya mbuzi. Unaibana kwapani, unaipiga kwa kijiti kilichopinda, na ukikaza au kulegeza mkono, sauti inapanda na kushuka kama ya mtu anayezungumza. Baba alisema Wahausa humwita mtu kwa ngoma hiyo, wakamsifu, naye hata akiwa mbali hujua ni yeye anayeitwa. Akanifundisha kulipiga jina lake, Odhiambo. Nilikuwa na miaka minane na nilimwamini kwa kila kitu, hata aliposema samaki wa Asembo wanaelewa Kiingereza.

Kisha akapelekwa hospitali kule Kombewa, akapasuliwa tumbo. Mama akawa analala huko. Hakuna aliyeniambia kitu. Nikiuliza, Dani, mama yake Baba, alinijibu, "Kula ugali, nyathina, mwanangu," huku yeye mwenyewe hali. Niliogopa mpaka chakula hakishuki.

Siku ya nne, mchana, Dani akiwa shambani, niliishusha kalangu ukutani. Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikageukia upande wa Kombewa, nikalipiga jina la Baba mpaka kwapa likachubuka. Nilitaka asikie, arudi nyumbani.

Sasa, kwetu ngoma ikilia siku ya kazi, tena si ya kanisa, katika boma lenye mgonjwa mahututi, hiyo ni habari ya kifo. Mtoto mimi sikulifikiria hilo. Wa kwanza kuingia langoni alikuwa jirani yetu Mama Akoth, mikono kichwani: "Uwi! Uwi! Odhiambo ametuacha!" Nyuma yake, wanawake wa kijiji kizima. Ngoma ikaniponyoka. Niliamini wameletewa habari kutoka Kombewa. Dani aliposikia kilio alitupa jembe, akaja mbio, akajigaragaza, na wao walipomwona mama mzazi analia hivyo, shaka zote zikawatoka.

Hapo ndipo Mama aliposhuka kwenye bodaboda ya baiskeli, thamosi mkononi. Aliwatazama, akafungua kitambaa cha kichwa, akaketi chini kwenye vumbi. Hakuuliza hata swali moja.

Aliyeuliza ni mwenye baiskeli. "Lakini hii habari nani ameleta? Mimi na mama si tumetoka huko saa hii?"

"Si tumesikia ngoma," akasema Mama Akoth.

Wote wakanigeukia. Nilingoja kiboko. Badala yake Mama aliinuka, akanishika mkono, akanipakia kwenye baiskeli ileile, Dani akitufuata kwa nyingine. Nilijua napelekwa kushtakiwa kwa Baba.

Baba alikuwa amelala, midomo imekauka. Nilimwambia yote kwa pumzi moja: "Baba nisamehe, nimekuua na ngoma, watu wote wamelia." Alicheka, akashika mshono akigumia, akacheka tena. Nesi akaja kututoa nje.

Baba alipona, na yu hai mpaka leo. Ila miaka mingi nilijiuliza kwa nini Mama, aliyetoka kumwacha anapumua, alikipokea kilio kile bila kuuliza. Mwaka jana, tukichambua mboga, nikamuuliza. Alisema asubuhi ile daktari alikuwa amemwambia kwamba Baba huenda asifike usiku, awalete watu wake. Alikuja nyumbani kunichukua. Mimi nilikwenda kuomba msamaha. Yeye alikuwa amenipeleka kumuaga.