Picha ya Mgongo wa Mwanaheri

Mwanaheri wa Makote alikuwa mfinyanzi. Udongo aliuchimba mwenyewe bondeni, akaupandisha mlimani kichwani. Mwaka 1954 mgongo ulimbana akiwa ameinama shimoni. Mumewe, Husseni, akampeleka hospitali ya misheni Ndanda, kwenye mashine ya kupiga picha mifupa.

Muuguzi Emilia alimuuliza kama alianguka, kama ana homa, kama amekonda, kama miguu inakufa ganzi au mkojo unamsumbua. Yote akajibu hapana.

"Basi picha haitakusaidia, Mama Sikuzani," alisema Emilia. "Hii ni misuli. Tembea, fanya kazi nyepesi, utapona."

Husseni alinung'unika njia nzima ya kurudi, lakini kabla ya mvua Mwanaheri alikuwa mzima.

Mwaka uliofuata maumivu yalikuja kwa sura nyingine. Hayakupungua hata akilala, homa ilimjia kila jioni, nguo zilimpwaya na miguu ikawa mizito.

"Twende," alimwambia mumewe. "Safari hii watanipiga picha."

Emilia alimsikiliza, akamwita daktari, na siku hiyohiyo picha ikapigwa. Ilionyesha kifua kikuu kimeanza kula pingili za uti wa mgongo. Mwanaheri alilazwa miezi mingi akidungwa sindano, na hakuwahi kuwa na shaka kwamba atapona.

Alipopona, lori lilimshusha Newala, akatembea mwenyewe hadi nyumbani Makote, mgongo umepinda kidogo. Kwenye harusi ya Sikuzani, bintiye, alicheza ngoma mpaka vijana wakachoka.