Kura ya Kaanaeli, Mhunzi wa Ugweno

Kaanaeli alikuwa mhunzi wa Ugweno, mtoto wa mhunzi, na majembe yake yalilima kuanzia milimani mpaka mashamba ya tambarare kule Kifaru. Siasa hakuijali hata kidogo mpaka mwaka 1965, chama kilipoteua watu wawili kugombea ubunge, mmoja akapewa alama ya Jembe na mwingine Nyumba. Nyumba ilimwangukia Mwalimu Hezroni, kaka wa Zipora, mke wa Kaanaeli.

"Sasa shemeji," Hezroni alimwambia, "kila ukigonga nyundo unampigia kampeni mwenzangu."

Alikuwa anatania, lakini Kaanaeli utani ulikuwa unampita. Kesho yake aliyafunika majembe yote kwa majani ya migomba, akazima moto, akatangaza kwamba hafui wala hauzi jembe mpaka kura zipigwe.

Ilikuwa Septemba, watu wanatayarisha mashamba kungojea vuli. Bibi Ernesta, mjane wa jirani, alikuja na jembe lililovunjika.

"Shikamoo, mama," alisema Kaanaeli.

"Marahaba. Niungie hili."

"Nikiliunga nitakuwa nimemsaliti shemeji yangu."

"Mimi nataka kupanda maharage, mwanangu. Bungeni siendi."

Alikataa. Bibi Ernesta akalipeleka jambo kanisani, na juma halikuisha kijiji kizima kilikuwa kinasema watu wa Nyumba wanataka wenzao wafe njaa. Hezroni akaja anahema.

"Shemeji, utaniangusha. Fua majembe."

"Nilishatoa neno langu."

Zipora hakungoja wamalize. Aliwasha moto, akavuta mivukuto, akasema kama mumewe hashiki nyundo ataishika yeye. Kaanaeli, aliyefundishwa na baba yake kwamba nyundo ya mhunzi haiguswi na mwanamke, alisimama upesi kuliko alivyopata kusimama maishani, akaishika nyundo mwenyewe.

Siku ya kura aliingia kwenye kibanda akiwa na nia moja tu, kumpa shemeji yake. Nyumba ilikuwa imechorwa vizuri, na mlango wake. Lakini jembe! Mkia unaoingia kwenye mpini ulikuwa mfupi kama kidole gumba. Jembe la namna ile lingechomoka kwa pigo la kwanza. Alijaribu kutazama pembeni, akashindwa. Akachukua penseli, akaurefusha mkia, akanyoosha makali, akakunja karatasi na kuitumbukiza sandukuni. Alikuwa amefika karibu na nyumbani alipokumbuka kwamba kwenye Nyumba hakuweka alama yoyote.

Wakati wa kuhesabu, msimamizi aliigeuza karatasi ile juu chini. Wakala wa Nyumba akachungulia, akasema kwa huzuni, "Hili ni jembe la Kaanaeli." Msimamizi akaamua kwamba mtu aliyejitaabisha hivyo kwa ajili ya jembe hawezi kuwa anaitaka nyumba, akaihesabia Jembe.

Hezroni alishinda hata hivyo. Kwenye sherehe, mbele ya watu waliokwisha kusikia habari yote, alimshukuru kwanza shemeji yake. Watu wakainamia sahani zao. Kaanaeli akasimama.

"Shemeji, mimi sikukuchagua."

"Kwa nini?"

"Jembe lilikuwa limechorwa vibaya."

Hezroni alicheka mpaka akavua miwani. Zipora hakucheka. Kwa siku nne alizungumza na mumewe kupitia kwa Bibi Ernesta, ambaye alizipeleka salamu zote kwa uaminifu, akiongeza chache za kwake.