Salamu ya Kichina Niliyojifunzia Kasulu

Wapenzi wenzangu wa sinema, mkifika Kasulu msidharau kibanda cha video kwa sababu ya mabenchi yake. Nilihamishiwa huko mwaka 2013 nikitokea Tanga, kufundisha historia, na wiki ya kwanza tu nikaona filamu ya Kichina ambayo mpaka leo sijaona mfano wake. Jamaa anapigana juu ya mapaa na kikombe cha chai mkononi, hata tone halimwagiki! Na DJ aliyetutafsiria kwa maiki alikuwa fundi kweli. Mama wa shujaa akilia, naye analia. Panga zikigongana, mlio anautoa yeye kwa mdomo.

Neno moja tu hakulitafsiri. Kila shujaa alipomwinamia mzee wake, DJ alisema, “Mwakeye!” Nikalikariri. Kumbe Kichina chenyewe chepesi hivi!

Jumatatu asubuhi, wanafunzi wakiwa mstarini, akaingia Mchina, mhandisi wa barabara, kuomba maji ya kisima chetu. Kabla mkuu wa shule hajafungua mdomo nilishafika mbele. Nikabana ngumi kwenye kiganja, nikainama mpaka tai ikagusa vumbi.

“Mwakeye!”

“Mwakeye neza!” shule nzima ikaitika.

Nikavimba kichwa. Kumbe hata watoto wa huku wanakijua Kichina!

Mchina akanishika mkono kwa furaha, akaniuliza kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu:

“Mwalimu, si mjini walisema unatoka Tanga? Mbona unasalimia Kiha kama wenyeji wa hapa? Kumbe na wewe ni Muha?”