Nguo za Ghorofa ya Sita

Wote walimwita Dobi, hata mkwewe. Ujana wake wote uliishia kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, na hoteli ilipofungwa akahamia kwa bintiye. Huko alishinda akipiga pasi nguo zisizo na mkunjo hata mmoja.

"Mama, utaziunguza," bintiye alimwambia.

"Niache, mwanangu. Mikono ikikaa bure inaniwasha."

Mji nao ulikuwa umeshikwa na homa ya majengo. Redio ilitangaza kwamba nchi sasa ni soko linaloinukia, na wenye mitaji huko mbali walikuwa wakinunua nyumba zikiwa bado michoro. Kwenye maghala ya zamani ya pamba yakaota majengo marefu ya vioo. Katika mojawapo Dobi akapata kazi.

Meneja, kijana mtanashati, alimpandisha ghorofa ya sita, akamfungulia masanduku ya nguo mpya: mashati, magauni, na sare za shule za mtoto wa kiume.

"Utafua, utaanika kwenye roshani, jioni utaanua."

"Za nani hizi?"

"Za wakazi."

"Wako wapi?"

"Wamenunua, mama, ila hawaishi huku. Wanasubiri bei ipande. Sasa mteja mpya akikuta jengo limenyamaza, anaingiwa na wasiwasi. Akiona nguo zinapepea, roho inatulia."

"Kumbe mnanilipa niwafulie mashetani!"

Wakacheka wote wawili. Meneja ndiye aliyetangulia kuacha, akamkabidhi funguo.

Mwanzoni Dobi aliiona kazi ya kitoto. Alifua nguo safi, akaanika, akaanua, akafua tena. Mchana wageni walisimama chini na kunyoosha vidole juu, naye akijificha nyuma ya pazia. Vyumba vilikuwa vitupu hivi kwamba akikohoa, kikohozi kilitangulia mbele yake, kikageuka kwenye kona, kikapotea.

Kisha siku moja, akianua, aliona kola ya shati la shule ina mstari wa uchafu. Vumbi, alijiambia. Siku zilizofuata magoti ya suruali yakawa na rangi ya nyasi. Jengo lote lilizungukwa na saruji.

Akateremka mbio kwa mlinzi, mtu pekee aliyebaki naye humo mchana kutwa.

"Nani anavaa nguo zangu?"

"Suruali ya mtoto, dada? Mimi itaniingia wapi, mkononi?" Mlinzi alicheka, halafu akashusha sauti. "Ila niambie ukweli. Ukiwa huko juu, huwa unaimba?"

"Siimbi."

"Basi mimi huko sipandi tena."

Kesho yake Dobi aliikunja suruali safi, akaiweka juu ya sanduku, akafunga mlango kwa ufunguo, akavuta ndoo na kuikalia mlangoni kwa nje. Hakupita mtu. Mchana alipofungua, suruali ilikuwa palepale, imekunjwa vilevile. Akaigusa. Ilikuwa na joto, lile joto la nguo iliyovuliwa sasa hivi. Na goti moja lilikuwa limechanika.

Lakini hakukimbia. Alitafuta sindano na uzi, akaketi sakafuni, akalishona lile goti polepole, kwa mshono mdogomdogo aliokuwa akimshonea bintiye zamani. Machozi yalimtoka, asijue anamlilia nani.

Wiki hiyo meneja alileta mama mmoja mnunuzi. Walipofika kwenye ukumbi wa ghorofa ya sita, mama yule alisimama, akatega sikio, akatabasamu.

"Afadhali hapa kuna watoto," alisema. "Kule kwingine mlikonipeleka kumepooza."

Meneja aligeuka kuutazama ukumbi mtupu. "Ndiyo," alisema. "Familia ni nyingi."

Mgeni alipoondoka, meneja alimfuata Dobi jikoni, jasho likimtiririka. "Leo umekuja na mjukuu wako?"

"Binti yangu bado hajazaa."

"Basi tusilizungumze. Yule mama amechukua ghorofa nzima. Tunajenga jengo jingine ng'ambo ya barabara. Nakuhitaji huko pia."

"Huko mtafute mwingine, baba. Na hapa pia."

Akamwachia funguo kwenye sinki. Bintiye alipouliza kilichomfukuza kazini, alijibu kwamba lifti zinampa kizunguzungu, na zaidi ya hapo hakutaka kuulizwa.

Siku hizi anafua shuka za hospitali. Ni kazi nzito, na wenzake wanashangaa jinsi asivyoona kinyaa. Zinafika na damu, na uji, na dawa iliyomwagika, na juu ya kila bunda kuna kipande cha plasta kilichoandikwa jina la wodi. Dobi hulisoma kwa sauti, ajue ni za nani, ndipo anapofungua maji.